Mradi wa kijiji: kutoka mkutanoni hadi kwenye bajeti ya halmashauri

Anzeni Agosti. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, lakini bajeti ya halmashauri ya wilaya hupikwa miezi mingi kabla; kijiji kinachopeleka ombi Machi hukuta chungu kimeshaepuliwa.

Halmashauri ya kijiji (wajumbe 15 hadi 25) ichambue kwanza vipaumbele, visizidi vitatu. Ukipeleka mahitaji kumi, ofisa mipango atachagua lililo rahisi kwake. Barabara pelekeni TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), maji RUWASA (wakala wa maji vijijini). Mkiyachanganya na darasa au zahanati, ombi zima litazungushwa.

Kisha uitishwe mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Tangazeni wiki moja kabla, na epukeni siku ya gulio. Kazi kubwa hapa ni muhtasari: tarehe, ajenda, hoja zilizopingwa, idadi ya waliokubali na waliokataa, na mahudhurio yenye sahihi za watu wenyewe, si majina sitini kwa mwandiko mmoja. Mwenyekiti na mtendaji wasaini, upigwe muhuri, nakala ibaki kijijini. (Mtendaji akihamishwa, mafaili nayo yana tabia ya kuhama.) Ambatisheni muhtasari wa kutenga eneo, maana ardhi yenye mgogoro hukwamisha mradi mapema.

Nguvu za wananchi ziandikwe kwa vipimo: mathalani matofali 6,000, mchanga tripu 8, siku za kuchimba msingi, kila kimoja na bei ya hapo kijijini. "Wananchi watachangia" haiingii kwenye makadirio. Na msinyanyue boma kabla mhandisi wa halmashauri hajaleta ramani na kukagua msingi. Boma lililo nje ya vipimo hukaa miaka bila kupauliwa, kwa kuwa hakuna anayetaka kusaini likamilishwe wala libomolewe.

Faini kwa asiyechangia inahitaji sheria ndogo ya kijiji iliyoidhinishwa na baraza la madiwani. Bila hiyo, kumchukulia mtu mbuzi wake ni uporaji tu.

Ombi hupita kamati ya maendeleo ya kata, anakoongoza diwani, ndipo liende wilayani. Fedha zikishuka kwa utaratibu wa force akaunti (mnanunua vifaa na kuweka mafundi wenyewe, bila mkandarasi), undeni kamati tatu: ujenzi, manunuzi na mapokezi. Mtu asikae katika mbili. Aliyenunua saruji asiwe yeye anayehesabu mifuko ikishushwa. Mapato na matumizi yasomwe mkutanoni kila miezi mitatu, risiti zikiwa mezani.