Pima Sebule Kwanza, Ndipo Uchague Spika

Anayekusudia kutumia mamilioni ya shilingi kwa jozi moja ya spika mara nyingi huanza kwa kutembelea maduka, akavutiwa na mbao zilizong'arishwa na bei inayotisha. Namshauri aanzie sebuleni kwake, akiwa na futi kamba mkononi, kwa sababu chumba ndicho kitakachoamua ni kiasi gani cha ubora alioulipia kitamfikia masikioni.

Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, na kati ya kuta mbili zinazotazamana yapo masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde inayopimwa kwa hezi, ambayo mawimbi yake hugonga, hurudi na kujiongeza. Ili kujua ya chini kabisa, gawanya 343 kwa urefu wa chumba uliozidishwa mara mbili: chumba cha mita 4 hutoa hezi 43, karibu kabisa na sauti ya uzi mnene kuliko yote wa besi kubwa la taarabu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua spika ndefu za kusimama sakafuni, zenye wufa (vipaza vya sauti nzito) mbili kila moja, ambazo dukani zilinipendeza mno. Sebule yangu ilikuwa mita 4 kwa 4, hivyo urefu na upana vilikuza masafa yaleyale. Nilipoweka taarabu, sauti mbili tatu za besi zilinguruma hadi vioo vya madirisha vikatetemeka, na zilizofuata zikafifia kana kwamba mpigaji ameondoa mkono. Muuzaji hakuwa ameniuliza ukubwa wa chumba hata mara moja, na jambo hilo linaniuma bado, kwani spika ndogo za kuwekwa juu ya stendi zingenifaa zaidi kwa nusu ya fedha zile.

Nyumba zetu nyingi zina kuta za saruji, sakafu ya vigae na madirisha mapana ya vioo. Simama katikati ya sebule upige kofi moja: ukisikia mlio mkali unaorukaruka kama wa bati, tambua kwamba twita (kipaza kidogo cha sauti nyembamba) yenye makali itakuchosha humo kabla ya saa moja kupita. Zulia nene mbele ya kochi, mapazia mazito na rafu ya vitabu vilivyopangwa bila mpangilio sawia hupunguza ukali huo, na sioni busara ya kupanda daraja la spika kabla ya kuvinunua.

Katika karatasi ya vipimo, kwanza tazama desibeli, yaani kiwango cha sauti kinachopimwa umbali wa mita 1 spika ikipewa wati 1. Spika ya desibeli 87 huhitaji wati mara mbili ya spika ya desibeli 90 ili ifikie kiwango kilekile cha sauti. LS3/5A, spika ndogo ambayo BBC iliibuni miaka ya 1970 kwa ajili ya mafundi waliosikiliza ndani ya magari finyu ya matangazo, hutoa desibeli 83 hivi tu na besi yake haishuki mbali, lakini sauti ya binadamu husikika humo kwa uhalisia unaowafanya watu waitafute mpaka leo. Klipschorn ya Marekani, kazi ya Paul Klipsch ya miaka ya 1940, hupita desibeli 100 na kuridhika na wati chache, ila inadai kona mbili za chumba zilizo wazi. Kisha tazama ukinzani, yaani kiasi spika inavyouzuia umeme wa amplifaya: omu 8 zilizoandikwa ni makadirio ya jumla, na katika masafa fulani zinaweza kushuka hadi 3, ambapo amplifaya dhaifu hupata joto, huanza kukata vilele vya mawimbi ya sauti, na inaweza hata kuunguza twita.

Unapokwenda kusikiliza, beba rekodi unazozijua kwa moyo. Sisitiza kwamba spika zote zinazolinganishwa zipigwe kwa kiwango kimoja cha sauti, kwa maana inayozidi kwa desibeli 1 tu huonekana bora hata kama si bora. Mimi hutumia rekodi ya mwimbaji mmoja na udi. Nikifumba macho, mdomo wa mwimbaji unapaswa kuwa mahali pamoja kati ya spika mbili, kwenye urefu wa mtu aliyeketi, na kabla ya kila mlio wa udi nisikie risha ikiugusa uzi. Kisha omba sauti ipunguzwe hadi kiwango cha usiku watoto wakiwa wamelala. Spika nzuri haipotezi umbo la wimbo hapo.

Kwa spika za mtumba, gusa kwa kidole pete inayozunguka koni, ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti. Ya sponji huoza haraka katika joto na unyevu wa pwani, ikaacha unga mweusi unaonata. Ya mpira hudumu. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili: ikikwaruza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imepinda au imeungua, na bei ishuke au uondoke.

Zikifika nyumbani, ziweke nusu mita kutoka ukutani, zikiachana mita 2 hivi, twita zikiwa usawa wa masikio yako, na kiti chako kiwe umbali sawa kutoka kila moja. Zisogeze upana wa kiganja kimoja kila mara, ukirudia wimbo uleule. Besi ikizidi zivute mbele, sauti ya katikati ikipwaya zikaribianishe. Ukipata mahali pake, bandika utepe sakafuni kwenye kila kona ya stendi, kwa kuwa siku ya kudeki zitasogezwa.