Namna ya kupima ushindani wa chanjo za kutibu kansa: anza na shabaha

Kama unasoma bayolojia ama famasia pale Maseno ama Egerton na umepewa kazi ya kuandika kuhusu chanjo za kansa, ama umeona tu kwa simu ati kampuni fulani imepata chanjo ya kansa na watu wa nyumbani Siaya wanakuuliza inafika lini, hii ndio njia mimi hutumia kuchambua, unahitaji daftari na bando basi.

Kwanza tenganisha chanjo mbili. Ile ya HPV, virusi vinavyoleta kansa ya mlango wa kizazi, ambayo serikali ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwaka wa 2019 inazuia virusi hivyo, haimtibu mama ambaye tayari ana kansa ya mlango wa kizazi. Tunayoongelea hapa anapewa mgonjwa, kazi yake ni kufundisha seli za T, askari wa kinga ya mwili, zitambue kansa iliyo ndani tayari na ziiue. Tafadhali usizichanganye ukieleza mgonjwa, hiyo ni kumpa matumaini ya bure.

Sasa fungua ClinicalTrials.gov, rejista ya mtandaoni ya majaribio ya dawa, ni bure, tafuta aina ya kansa unayotaka. Chora jedwali, na kwa kila jaribio, kabla hujaandika jina la kampuni, andika shabaha, yaani protini gani hiyo chanjo inaonyesha seli za T. Hapa kaa sana. Je, hiyo protini iko pia kwa viungo visivyo na kansa? Iko kwa seli zote za kansa ama baadhi tu? Na kansa ikiitupa, itaishi? Protini ya MAGE-A3 ilionekana safi kabisa, kwa mwili usio na kansa iko hasa kwa korodani, alafu uvimbe mwingi unayo, lakini kampuni ya GSK walipojaribu chanjo yake kwa wagonjwa wa kansa ya mapafu zaidi ya 2,200 haikushinda placebo, yaani sindano isiyo na dawa, na 2014 wakaachana nayo. Kwa hivyo protini kupatikana kwa uvimbe haitoshi. Linganisha na protini za E6 na E7 za HPV, hizo ni za virusi, mwili haujazizoea, na seli ya kansa inazitegemea iishi kwa hivyo haiwezi kuzitupa kirahisi. Kwangu hizo ndio shabaha za kufuatilia kwanza huku kwetu, mlango wa kizazi unaua mama zetu wengi sana.

Kuna kundi lingine la shabaha, neoantijeni, zinazotokana na mabadiliko ya jeni ya uvimbe wa mgonjwa huyo mmoja. Kampuni za Moderna na Merck wanaweka hadi 34 kwa chanjo moja, kila mtu yake, na BioNTech na Genentech wako kwa njia hiyo hiyo na kansa ya kongosho. Hapo hakuna mtu anamiliki shabaha, ushindani ni nani anachagua mabadiliko vizuri na nani anatengeneza haraka kabla ugonjwa haujarudi.

Ukifika kwa ushindani wenyewe, usihesabu chanjo peke yake. Provenge, chanjo ya Dendreon inayolenga protini ya PAP kwa kansa ya tezi dume, ilikubaliwa Marekani 2010, wagonjwa waliopewa waliishi miezi 25.8 dhidi ya 21.7 ya wasiopewa, bei ikawa dola 93,000, alafu 2011 na 2012 zikaja abiraterone na enzalutamide, vidonge tu vya kumeza nyumbani, na 2014 kampuni ya Dendreon ikaomba ulinzi wa kufilisika. Ushindani haukutoka kwa chanjo nyingine. Kwa hivyo weka safu ya kila kitu ambacho daktari angempa mgonjwa huyo huyo.

Alafu hesabu mwenyewe. Moderna na Merck walitangaza kwamba chanjo yao ilipunguza kwa 44% hatari ya melanoma, kansa ya ngozi, kurudi ama kuua, na hiyo namba ilitoka kwa watu 157, waliopata chanjo pamoja na Keytruda, dawa ya kuamsha kinga ya mwili, ni 107, ugonjwa ulirudi ama wakafa 24, na waliopata Keytruda pekee ni 50, yakawapata 20. Ni matokeo mazuri kweli, lakini ni awamu ya pili, na chanjo haikusimama peke yake.

Safu ambayo wengi wanaruka ni HLA, protini za juu ya seli ambazo hutofautiana mtu na mtu. Seli inapanga vipande vya protini juu ya HLA kama mama wa Kibuye anavyopanga omena mezani, ndio seli za T zivione. Majaribio mengi ya chanjo za peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, yalichukua tu wagonjwa wenye aina ya HLA iitwayo HLA-A*02, ambayo ni ya kawaida sana Ulaya na si ya kawaida hivyo Afrika, kwa hivyo soma masharti ya kuingia kwa jaribio, ukiiona hapo andika kabisa kwamba watu wetu wengi wako nje.

Mwisho angalia safu tupu. Ukitafuta bakiti, ile kansa ya taya inayopata watoto wa kando ya ziwa ambako malaria ni nyingi, utaona washindani ni wachache sana ilhali virusi vyake, EBV (Epstein-Barr), vilionekana 1964 kwa seli za uvimbe kutoka Uganda. Usikimbilie kusema ni nafasi wazi. Kwa uvimbe huo virusi vinatoa karibu protini moja tu, EBNA1, na hiyo imeundwa kwa namna inayoifanya ionyeshwe kidogo sana kwa HLA, alafu wazazi wa hao watoto hawana pesa ya kuvutia kampuni. Andika sababu zote mbili, ya bayolojia na ya soko, kila moja kwa mstari wake, na juu ya ukurasa weka tarehe uliyotafuta kwa sababu hizo rejista hubadilika kila mara.