Kuwatumia Bakteria Rafiki Kuikinga Miche ya Nyanya

Mkulima wa Tengeru, mkoani Arusha, anayeona nyanya zake zimenyauka ghafla zikiwa bado za kijani, na ardhi ina unyevu, akate kipande cha shina karibu na mzizi na kukining'iniza katika glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikichuruzika baada ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria, uletwao na Ralstonia solanacearum. Mmea uliofika hapo hauponi. Ung'olewe na kuchomwa moto. Bakteria rafiki, kama Bacillus subtilis na Pseudomonas fluorescens, hukinga lakini hawatibu, na kwa sababu hiyo kazi yao huanzia kitaluni.

Bakteria hawa huuwahi mzizi, wakala vitu vinavyotoka humo na kushika nafasi ambayo vimelea vya ugonjwa vingeikalia. Bacillus hutoa pia kemikali zinazoharibu kuvu, ilhali Pseudomonas hunyakua madini ya chuma ambayo vimelea vinayahitaji.

Nunua bidhaa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao makuu Ngaramtoni, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Bacillus huvumilia joto kwa kuwa hujifunga katika ganda gumu. Pseudomonas hana kinga hiyo, kwa hiyo usinunue pakiti iliyoanikwa juani mbele ya duka.

Hatari kubwa zaidi, nionavyo, iko kwenye ndoo na bomba. Maji ya bomba la mjini yenye klorini yaachwe wazi usiku mzima kabla ya kuchanganya. Bomba la kunyunyizia lililobeba mrututu au dawa nyingine ya shaba lisuuzwe mara kadhaa, maana shaba huua bakteria, wabaya kwa wema. Wengi huilaumu bidhaa waliyoiua wenyewe.

Mwagilia mchanganyiko kwenye trei miche ikishachipua, kisha utumbukize mizizi humo siku ya kuhamishia shambani, kwa kipimo cha kibandiko. Panda jioni, kwenye udongo wenye unyevu na mboji iliyoiva, kwa kuwa jua kali huwaua bakteria walio wazi. Shamba lililougua lipandwe mahindi kwa misimu kadhaa, si bilinganya, pilipili wala ngogwe, ambazo ni jamaa za nyanya. Acha mstari mmoja bila bakteria, uhesabu miche iliyonyauka kila upande.