Wauguzi wawili, wagonjwa thelathini: kupanga zamu ya usiku wodini

Kabla ya kupanga lolote, piga hesabu ya dakika. Joto, mapigo, upumuaji, presha na oksijeni ya mgonjwa mmoja huchukua kama dakika 5, ikiwa mashine ya presha ni nzima. Wagonjwa 30 ni saa mbili na nusu. Wote wakipimwa kila baada ya saa nne katika zamu ya saa 12, hizo ni saa saba na nusu. Njoo kwenye sindano za mshipa: kuyeyusha dawa, kukagua kanula (kimrija kilichochomekwa mshipani), kusukuma taratibu, tuseme dakika 10 kwa dozi. Dozi 24 ni saa nne. Hapo muuguzi mmoja kaisha, na bado hajapokelewa mgonjwa mpya wala kuandikwa faili.

Ndiyo maana chati za alfajiri hufanana: upumuaji 20 kwa kila mtu. Aliyeelemewa hunakili. Tatizo ni kwamba upumuaji huanza kubadilika mapema, kabla mgonjwa hajazidiwa waziwazi, na ndicho kipimo kinachobuniwa zaidi kwa sababu kinataka usimame dakika nzima ukihesabu.

Kwa hiyo usigawe muda sawa kwa sawa. Wakati wa kukabidhiana zamu, anzeni na walio hoi, si kitanda namba 1, kisha gawa wodi makundi matatu. Nyekundu huonwa kila nusu saa hadi saa moja: aliyetoka upasuaji, aliye kwenye oksijeni, mtoto mwenye degedege. Njano kila saa nne. Kijani mara moja kwa zamu, na iandikwe wazi kwenye faili kwamba ndivyo ilivyoamuliwa, na nani kaamua. Wekundu wasogezwe karibu na meza ya wauguzi wakati zamu ya mchana bado ipo, maana kusukuma vitanda na mtungi wa oksijeni usiku ni kazi ya watu ambao huna.

Kuna kazi mbili zisizopunguzwa hata wodi ikifurika. Mama aliye kwenye magnesiamu, dawa ya kifafa cha mimba, asipewe dozi inayofuata mpaka uhakikishe anapumua si chini ya mara 16 kwa dakika, goti likigongwa linaruka, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Damu ya kuongezewa nayo: kaa na mgonjwa dakika 15 za mwanzo, na chupa iishe ndani ya saa 4. Damu isiyo ya dharura itundikwe mchana. Kutundika mbili kwa mpigo usiku ni kujitafutia balaa.

Mzigo mwingine unapunguzwa na daktari, ila lazima umwombe kabla hajaondoka jioni. Nani anaweza kuhamia vidonge? Dripu ipi haina kazi tena? Kanula ipi itolewe? Wagonjwa sita wakiachana na sindano ya kila saa sita, umeokoa saa mbili za usiku huo. Ndugu anayelala na mgonjwa anaweza kulisha, kugeuza na kuita. Mwonyeshe dalili za kukuita. Asiguse kidhibiti cha dripu wala cha oksijeni, na mwambie sababu, la sivyo ataifungua dripu ili "iishe haraka".

Wauguzi huchoshwa na wingi wa kazi, lakini pia na kurudi nyumbani wakijua nani hakugeuzwa na nani alikosa dawa. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake uliotoka mwaka 2002, katika hospitali 168 za Pennsylvania, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja wa ziada kwa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kufa ndani ya siku 30, asilimia 23 la uchovu wa kazi na asilimia 15 la kutoridhika nayo. Huna uwezo wa kuajiri, lakini ratiba ni yako. Ibandike wiki mbili kabla. Usimtoe mtu zamu ya jioni ukamrudisha asubuhi. Zamu za usiku zisizidi tatu mfululizo. Ofu (siku za mapumziko) unazodaiwa ziandike kwenye daftari linaloonekana na wote. Mwajiriwa mpya asiachwe usiku peke yake.

Ukiomba watumishi, peleka hesabu ya ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika, kwa matroni na katibu wa afya. Makosa ya kawaida ni haya: wagonjwa 30 mara saa 2 za huduma kwa siku ni saa 60, gawanya kwa saa 8 za kazi za mtu mmoja, basi unaomba wauguzi 8. Likizo na sikukuu zimesahauliwa. WISN, njia ya Shirika la Afya Duniani ya kukadiria watumishi kwa wingi wa kazi, huanza na muda halisi wa mtu mmoja: siku 260 za kazi, toa 20 za likizo, 16 za sikukuu, 10 za ugonjwa na mafunzo, zinabaki 214, yaani saa 1,712 kwa mwaka. Saa 60 mara siku 365 ni 21,900. Gawanya: karibu 13, kabla ya kuongeza muda wa vikao na ripoti. Ukiwa nao 7, uwiano wa waliopo kwa wanaohitajika ni 0.54. Andika namba hiyo kwenye mstari wa kwanza wa barua, kisha uambatishe orodha ya huduma zilizoachwa mwezi huo, tarehe kwa tarehe.