Usibebe kiti: namna ya kutumia kitenzi "take"

Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la jioni hapa Moshi alikwenda kwenye usaili wa kazi ya hoteli. Meneja akamwambia, "Take a seat." Kijana akakinyanyua kiti, akasimama nacho akisubiri aambiwe akipeleke wapi. Kamusi yake ya mfukoni ilisema take ni chukua, basi naye akachukua.

Hatua ya 1: Anza na mkono, kisha mwendo. "Take the key" ni chukua ufunguo, hapo kamusi haijakosea. Lakini "Take this tray to room six" ni peleka. Angalia aliposimama msemaji: kitu kikimjia ni bring, kikienda kwingine ni take. Leta na peleka, basi.

Hatua ya 2: Tazama neno linalofuata. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, na hakuna anayeumia. Take nayo ndivyo ilivyo: maana inabebwa na jina lililo mbele yake. Kwa hiyo usikariri neno moja, kariri jozi nzima:

- take a photo: piga picha
- take a bus: panda basi
- take a shower: oga
- take medicine: kunywa au kumeza dawa
- take a seat: keti
- take an exam: fanya mtihani

Hiyo ya mwisho ina mtego. Aliyesema "I took the exam" ameufanya tu. Kufaulu ni pass, kwa hiyo usimpe hongera mapema. (Siku hizi nasikia vijana wakisema "tuchukue picha". Mimi bado napiga.)

Na chai je? Afrika Mashariki tumezoea "I'll take tea". Mwingereza kwa kawaida atasema "I'll have tea", ila atakuelewa na chai utaletewa. Yeye mwenyewe akitaka kujua kama unatia sukari, huuliza "Do you take sugar?"

Hatua ya 3: Muda. Wanafunzi wangu walio wapagazi wa Mlima Kilimanjaro husema "We use six hours", kwa sababu Kiswahili kinasema tunatumia saa sita. Sema "It takes". Kwa mfano: "It takes five to seven hours from Machame Gate to Machame Camp." Ukitaka kumtaja mtu, mweke baada ya kitenzi: "It takes me six hours."

Hatua ya 4: Vijineno vya nyuma. Take off ni kuvua viatu, na pia ni ndege kuruka. Take over ni kushika usukani wa kazi ya mwingine. Take after ni kufanana na mzazi, na hapa lugha mbili zinakutana: nasi husema mtoto amemchukua mama yake. Shida ni mahali pa kuweka kiwakilishi. Viatu: "Take them off", si "take off them". Mama: "She takes after her", na her haihami.

Take place ni kufanyika. Kuchukua nafasi ya mtu ni take the place of. Ukiandika "The meeting took my place", umesema kikao kimekunyang'anya kazi.

Hatua ya 5: Wakati uliopita. Take, took, taken. "I have took" ni kosa. Baada ya have weka taken. Neno lenyewe lilifika Uingereza na Waskandinavia, waliosema taka, likalisukuma pembeni neno la wenyeji, niman. Shake hufuata njia hiyohiyo: shook, shaken. Make na bake zinafanana nazo kwa sura tu, maana zenyewe ni made na baked. Mwaka huu tayari nimeshasahihisha "mook" mara mbili.