Somo: Kumpatia kijana mnasihi wa mtaani kabla mambo hayajafika mahakamani

Somo hili ni kwa mitaa ya Tanzania yenye vijana wa miaka 12 hadi 17 walioanza kuteleza: watoro wa shule, wanaolala maskani (vijiweni), waliokamatwa na kuachiwa. Mnasihi ni mtu mzima wa mtaani anayekutana na kijana kila wiki na kumshika mkono.

Hatua ya 1. Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na afisa ustawi wa jamii. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo mzazi aridhie kwa maandishi.

Hatua ya 2. Chagueni wanasihi. Kila mmoja alete wadhamini wawili, kisha aulizwe: mwaka mzima utakuwepo hapa? Anayesubiri uhamisho mwacheni, hata awe hodari namna gani. Hapa ndipo programu nyingi huharibika. Mnasihi akitoweka ndani ya miezi 3, kijana anaweza kubaki vibaya kuliko alivyokuwa. Ameshaachwa na watu wazima wengi, naye anahesabu.

Hatua ya 3. Kutaneni kwa muda wa saa mbili kila wiki, siku ileile, mahali pa wazi, kamwe si chumbani kwa mnasihi. Siku ya kwanza msikae mkitazamana kama kwenye mahojiano ya polisi. Mpe mpira wa baiskeli uliotoboka: apige msasa, apake gundi, asubiri ikauke kidogo, ndipo abandike kiraka. Mikono ikiwa na kazi, maneno huja yenyewe. Habari za kesi usiulize.

Hatua ya 4. Mnasihi aandike mistari mitatu kila wiki: alikuja? tulifanya nini? tunakutana lini? Siri za kijana zisiingie daftarini.

MASWALI

Kijana wangu amekamatwa tena. Nimtoe kwenye programu?
Hapana, ndugu yangu, sasa ndiyo anakuhitaji. Nenda kituoni na mzazi wake na afisa ustawi, mhakikishe hachanganywi na mahabusu watu wazima. Usimshauri akiri wala akane. Hiyo ni kazi ya wakili.

Tuna vijana tisa wa maskani moja. Tuwakutanishe pamoja kuokoa muda?
Msifanye hivyo. Wakiwa peke yao hupeana sifa kwa makosa yaleyale. Wagaweni kwenye timu za mpira na mafundi wa mtaani, wachanganyike na wenzao.

Akiniambia anapigwa nyumbani, na ameniomba nisiseme?
Dada, tangu siku ya kwanza mwambie kwamba jambo la kumdhuru hutalificha. Mjulishe afisa ustawi siku hiyohiyo, au piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure. Na wiki ijayo ufike kama kawaida.