Breka haikatiki, lakini soketi inanuka: namna ya kutafuta waya unaopiga cheche

Fundi mwenzangu, ukiitwa nyumba ambayo taa zinapepesa, soketi ina joto na breka haijawahi kujikata, usiondoke kwa kusema "hakuna shoti". Kweli, shoti hakuna. Kuna waya uliolegea kwenye skrubu, au uliokatika nusu, na umeme unauruka ule mwanya mdogo kwa cheche zenye joto la maelfu ya nyuzi. Mkondo wake hauzidi ule unaovutwa na kifaa kilichochomekwa. Jagi la umeme la wati 2,000 kwa volti 230 linavuta kama ampea 8.7; breka ya ampea 20 ijikate kwa lipi? Hata ile ya kuvuja umeme, ya miliampea 30, haioni kitu, maana unaokwenda kwa laivu ni uleule unaorudi kwa nyutro. Kwa hiyo cheche hizi hutafutwa mzigo, yaani kifaa kinachovuta umeme, ukiwa kazini.

Hatua ya 1: Hoji wanaoshinda nyumbani
Muulize mama mwenye nyumba au dada wa kazi. Baba anayetoka alfajiri kukwepa foleni ya Morogoro Road hapa Dar es Salaam hajui lolote. Taa hupepesa pasi ikichomekwa? Kuna shombo la samaki chumbani? Plastiki ya soketi nyingi ikianza kuungua hutoa harufu hiyo hasa (wanaokaa karibu na soko la samaki la Feri tuwasamehe). Kama taa za nyumba nzima na za jirani zinapanda na kushuka pamoja, tatizo liko upande wa TANESCO. Toeni taarifa, na sili ya mita usiiguse.

Hatua ya 2: Macho na kiganja
Tafuta alama ya kahawia kwenye matundu ya soketi. Jagi likishachemka, gusa kava kwa nyuma ya kiganja. Msasani, Kunduchi na Kigamboni ongeza umakini: hewa ya chumvi huotesha ukoko wa kijani kwenye shaba.

Hatua ya 3: Redio ya betri
Iweke AM, mahali pasipo na stesheni, upite nayo karibu na ukuta. Zima kwanza taa za LED na chomoa chaja, maana nazo zina kelele, ila zao ni mvumo wa mfululizo. Cheche hukwaruza ovyo ovyo, hunyamaza, hurudi. Blenda na drili hupiga cheche kwenye makaa ya mota na hilo ni la kawaida, usizifukuzie.

Hatua ya 4: Pima volti chini ya mzigo
Hapa ndipo kazi ilipo. Inafanyika umeme ukiwepo, kwa hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, si ya mwenye nyumba aliyenunua multimita Kariakoo jana.

Pima kwenye DB (boksi la breka) na kwenye soketi bila mzigo. Tuseme zote zinasoma 231. Chomeka jagi lenye maji kwenye tundu la pili la soketi hiyo, upime tena: DB 229, soketi 212. Volti 17 zimepotelea njiani. Waya mzima wa shaba wa milimita 2.5, wenye urefu wa mita 20, hupoteza kama 3 tu kwa mzigo huo. Zile 14 zilizobaki zinaliwa na kiungo kimoja. Zidisha kwa ampea 8, ni wati zaidi ya 110. Ni sawa na balbu ya zamani ya wati 100 iliyofungiwa nyuma ya plastiki.

Angalia pia tabia ya namba. Ikishuka na kutulia, huenda waya ni mwembamba kuliko ulivyoandikwa, na madukani imejaa ya namna hiyo. Ikirukaruka, hapo umeshika cheche. Kisha sogea soketi kwa soketi kuelekea DB. Upotevu unapotoweka, kosa liko kati ya hiyo na iliyotangulia.

Usijidanganye na ohmu. Multimita husukuma mkondo mdogo mno; uzi mmoja wa shaba ukigusa, itakusomea safi kabisa.

Hatua ya 5: Zima, thibitisha, fungua
Shusha meini swichi. Jaribu testa mahali unapojua pana umeme, pima soketi, kisha rudi uijaribu tena mahali pale pa kwanza. Ukifungua, mara nyingi utakuta skrubu ya nyutro imebadilika rangi, plastiki ya waya imekakamaa sentimita mbili kutoka kwenye shaba, na waya ukivutwa kwa vidole unatoka wenyewe. Darini, chini ya mabati, tafuta maungio ya kusokota na tepu: gundi huyeyuka kwa joto, na panya humalizia.

Hatua ya 6: Rekebisha na urudie vipimo
Kata shaba hadi ing'ae, weka soketi mpya, kaza. Chomoa vifaa vyote na balbu, piga mega (kipimo cha uzima wa plastiki ya waya) ya volti 500. Isipungue megaohmu 1. Halafu rudia hatua ya 4.

Mwenye uwezo afunge AFDD, kifaa cha kwenye DB kinachosikiliza kelele za cheche na kujikata. Chini ya kiwango cha IEC 62606, kwa volti 230, lazima kizitambue hata mzigo ukiwa ampea 2.5. Anza na layini za vyumba vya kulala. Kikijikata, usikirudishe tu: chomoa vyote, chomeka kimoja kimoja.